Moto wa Mafiga, Moto wa Paa

Mkufunzi wetu hakuwa mtu wa kuzima moto. Akiwasha kiberiti alikiacha kiwake mpaka kimfikie ukucha, kisha akakilaza kwenye kifuniko cha bati kijifie chenyewe. Taa ya chemli hakuipuliza hata siku moja. Alimwita yeyote aliyekuwa karibu, "Hebu niteremshie utambi," naye akageukia ukuta mpaka shughuli iishe. Nyumbani kwake ilikuwa marufuku kumwagia makaa maji. Wanafunzi waliokuja chuoni baada yetu walisema ni mambo ya pwani, kwamba watu wa Tanga wana masharti yao na mizimu yao, na mengine waliyoyaongeza siyaandiki hapa. Mimi nilimjua kabla hajawa hivyo. Nilimjua akivuta sigara na kukisaga kipande kwa kisigino kama mtu mwingine yeyote, na siku alipoacha nilikuwa nimesimama karibu naye. Kwa hiyo wacha niseme mimi.

Alikuwa mkufunzi wa zana za kufundishia katika chuo cha ualimu, Kasulu, miaka ile ya sabini watu walipokuwa wakihamishiwa kwenye vijiji vipya. Kazi yake ilikuwa kutufundisha kuchora chati, kufinyanga ramani kwa udongo, kukusanya vizibo vya soda vya kuhesabia. Aliyafanya hayo yote kwa uso wa mtu anayemeza dawa. Roho yake ilikuwa kwenye kamera ya sinema iliyoletwa chuoni ndani ya sanduku la mbao, msaada wa nchi fulani, ikakaa stoo pamoja na majembe mpaka yeye alipohamishiwa kwetu. Ilikuwa ya kutiwa ufunguo kama saa ya mezani. Unaizungusha, unabonyeza, inanguruma kwa muda wa mtu kusali Baba Yetu, inasimama. Aliibeba mgongoni ndani ya blanketi la mtoto, na wanawake wa sokoni wakawa wanamwuliza, mtoto hajambo?

"Hajambo," alijibu bila kucheka. "Amekula mwanga, amelala."

Mwanzoni sikumpenda. Filamu ilikuwa adimu kuliko sukari, kwa hiyo muhula mzima hatukuigusa. Alitupa kila mmoja kisanduku cha kiberiti kilichotobolewa kitako, tuchungulie dunia humo. Tukala tukichungulia, tukafua tukichungulia, tukaenda sokoni tukichungulia, mpaka muuza maharage mmoja akapaza sauti, "Njooni muone! Walimu wa siku hizi hawanunui, wanachungulia tu!" Sisi aibu ilitujaa, yeye akafurahi. "Mmeona? Soko zima limegeuka kwa neno moja. Mngemkata wapi?"

Kwake kila kitu kilikuwa na mahali pa kukatwa, kama filamu. Ukimwambia umefiwa nyumbani, angesikiliza kwa heshima zote, akakupa pole ya kweli, kisha ingemponyoka, "Ungeanza na viatu vya wageni mlangoni." Wapo waliomwona hana moyo. Mimi nilikuja kuona kwamba moyo alikuwa nao mwingi, ila alikosa pa kuuweka, akauweka kwenye viatu.

Somo lake kubwa lilikuwa mafiga. Jifya moja haliinjiki chungu, alisema, na picha moja haisemi kitu. Picha ya kwanza, mtu anatazama. Ya pili, kile anachokitazama. Ya tatu, mtu yule yule tena. Hata kama uso wa tatu ni kipande kile kile cha filamu ya kwanza kilichokatwa katikati, mtazamaji ataapa kwamba umebadilika, umeogopa au umehuzunika.

"Mtu haamini picha, walimu," alisema. Alituita walimu tangu siku ya kwanza, chaki hatujaishika. "Anaamini kiungo. Na kiungo ni mkono wako wewe. Basi chungeni mikono yenu."

Na huyu mtu aliyetufundisha kuunga visivyoungana, hakuwa na uvumilivu hata chembe kwa uongo. Mwenzetu mmoja alikunywa pombe ya ndizi kwa mjomba wake, akakosa kipindi, akasema alikuwa na malaria. Mkufunzi alimtoa darasani wiki nzima. "Si kwa sababu ya pombe," akamwambia. "Pombe ni yako. Malaria si yako." Tulimcheka sana yule mwenzetu, tukamwita Kwinini mpaka tulipohitimu. Lakini mkufunzi mwenyewe, asiyesema uongo, alikuwa pia mtu asiyesema kitu. Hakukuambia mnakwenda wapi mpaka mmefika. Sinema ikishasimuliwa imeshakufa, ndivyo alivyoamini, na hata mkuu wa chuo aliambiwa tu "tunakwenda mazoezini." Tabia hiyo tuliiona ya kuchekesha. Ilikuja kumgharimu mtu ambaye hakuwa na cha kupoteza tena.

Zoezi alilotuchagulia kwa filamu ile chache lilikuwa kipande kifupi cha sinema ya kutisha. Kwinini aliuliza kwa nini tusipige kilimo bora, viongozi wakafurahi.

"Kilimo bora mtu akichoka anasinzia," mkufunzi akasema, "na wewe hutajua kama amechoka au umekosea. Hofu haina adabu. Ukikosea kiungo, watu watacheka. Ukipatia, mtu atavuta miguu yake chini ya benchi. Mimi nataka miguu ivutwe."

Yeye mwenyewe alikuwa mwoga wa kupindukia. Kinyonga akionekana kwenye ua wa chuo, mkufunzi alizunguka njia ya mashambani kwenda darasani, viatu vikajaa tope, na hakuona haya. "Asiyeogopa kitu," alisema huku akijipangusa, "atamtisha nani?"

Hadithi ya sinema aliitunga fupi kuliko kitendawili. Msichana anatumwa kuomba moto kwa jirani, ana kigae mkononi. Anakuta mlango wazi. Ndani ameketi bikizee, amempa mgongo, anaota moto. Msichana anasalimia, hajibiwi. Anainama achukue kaa. Anapoinua uso, bikizee hayupo, moto unawaka. Basi. Sote tulikwenda kuomba moto utotoni, na hakuna aliyeisikia hadithi ile bila kujipapasa mikono.

Nyumba haikuwa taabu kupata. Operesheni ilikuwa imepita, watu wameshushwa kutoka kwenye matuta yao wakapangwa mstari mmoja kando ya barabara, njia ya kwenda Muyama, na ng'ambo ya bonde mahame yalibaki yakitazama. Nyumba nyingi zilikuwa zimeng'olewa milango na nguzo. Moja ilisimama nzima, nyasi za paa zimekaa sawa, migomba nyuma yake. Mwenyewe alikuwa bikizee aliyeishi sasa peke yake katika kibanda cha mwisho wa mstari. Mkufunzi hakujua Kiha, mimi ni mtu wa Kibondo, kwa hiyo nikawa mdomo wake.

"Mwambie ukweli," akaniagiza. "Mwambie ataigiza mzimu."

Nikamwambia. Nilidhani atatufukuza. Bikizee akacheka, akaniuliza kazi ya mzimu ni ipi.

"Kukaa, Bibi. Kukaa kwenye mafiga yako."

"Ego, basi si kazi ngumu," akakubali. "Mzimu anakaa kwake. Sisi ndio tumehamishwa."

Nilipomfasiria, mkufunzi hakusema angekata wapi. Alitazama tu chini.

Tulikwenda asubuhi moja ya masika, mvua imekatika. Kwa nini masika? Kwa sababu alitaka ukungu na mawingu ya kutisha. Angengoja kiangazi, vilima vyote vya Buha vinapoungua nyasi na moshi mmoja ukipotea kati ya mingine, huenda nisingekuwa na habari ya kuandika. Bibi alitangulia. Alivuka bonde kwa mwendo ambao sisi vijana tuliokula ugali wa serikali hatukuuweza, akaingia nyumbani mwake bila kubisha hodi, akagusa ukuta kwa kiganja. Kisha akazunguka nyuma kwenye migomba alikolala mumewe, akakaa huko kidogo. Mkufunzi alituzuia tusimfuate. Mkono wake ulikuwa juu ya kamera, na nakiri niliuona ukitaka kufungua kifuniko, kisha ukaacha.

Pale ndipo Bibi aliponieleza lililomkaa moyoni. Kwao moto haukuzimwa, ulihamishwa. Alipoolewa alikuja na moto wa mama yake kwenye kigae, na moto huo haukuwahi kufa katika mafiga yale. Siku ya lori alibeba kigae chake, mvua inanyesha. Mgambo akamwambia moto haupandi gari la serikali, akautupa kwenye dimbwi. Tangu hapo alipikia moto wa kuomba kwa watu.

"Nimekuwa mgeni wa jivu la wenzangu," akasema. "Mwambie mwalimu wenu anipe kiberiti. Nitakaa mzimu hata wiki, lakini niwashe mwenyewe, mume wangu asikie harufu. Moto ulale hapa, kwao. Kesho nije na kigae niuhamishe vizuri, kama mtu."

Mkufunzi alimpa kiberiti kwa mikono miwili. Alipowasha, Bibi alisema maneno machache ambayo sikuyafasiri, na hakuna aliyeniomba.

Siku ile nilijifunza ufundi wote ninaoujua. Alituonyesha jinsi usiku mzuri unavyopikwa mchana: kioo chekundu mbele ya lenzi, na kwenye filamu ile isiyo ya rangi anga la buluu kati ya mawingu likatoka jeusi. Alituagiza tuweke nyasi mbichi pembeni ya moto ili moshi upande, na mwanga uliopenya kwenye tundu za paa ukawa kama nguzo unazoweza kuzishika. Mwenzetu wa kuigiza msichana aliingia na kigae chake, akasalimia, "Mwakeye, Bibi," na mgongo wa Bibi haukusogea. Kamera ilikuwa juu ya jiwe imebanwa kwa matope isitikisike. Ikabaki picha ya kutoweka. Hiyo hupigwa hivi: kamera inasimamishwa, mtu anaondoka, kamera inaendelea, na kwenye kitambaa cha kuonyeshea itaonekana amefutika.

"Mwambie sasa atoke nje," mkufunzi akasema.

"Oya," Bibi akakataa. "Nimetoka humu mara moja kwa lori. Sitoki tena."

Nilisema hivi, nikasema vile. Mkufunzi akaja akachuchumaa mbele yake, mtu mzima yule, akasema kwa Kiswahili chake cha Tanga kana kwamba Bibi anakielewa, "Bibi yangu, ni kwa dakika moja. Na moto huu hatuuzimi. Hauzimwi na mtu. Nakuahidi mimi." Nikafasiri. Bibi akamtazama machoni, akainuka kwa kushikilia bega lake, akatoka. Kamera ikanguruma ikitazama kigoda kitupu na moto unaowaka, na ingawa nilikuwa nimemwona akipita mlangoni kwa miguu yake, ngozi ilinisisimka.

Tulipoondoka Bibi aliufukia moto kwa majivu ulale. Zile nyasi mbichi hakuna aliyezikumbuka. Mkufunzi mwenyewe alirudi ndani kuhakikisha moto haujazimwa, akaridhika, akafunga mlango.

Asubuhi yake mvua ilikuwa imekata kabisa, na kutoka ng'ambo ya bonde uzi wa moshi ulisimama wima juu ya mahame. Kijiji chote kiliuona. Kurudi mahame kulikuwa kosa, kila mtu alijua, na hakuna aliyejua habari za sinema kwa sababu mkufunzi wetu hakumwambia mtu. Mgambo walivuka bonde, wakakuta nyumba ina moto mafigani, wakalitia paa kiberiti. Bibi alikutana nao njiani, yeye anakwenda na kigae chake, wao wanarudi. Walimrudisha kijijini mbele ya mkutano kama mtu aliyetoroka.

Habari zilitufika chuoni kwa mdomo wa muuza maziwa. Mkufunzi alikuwa akichora moyo wa binadamu ubaoni. Aliweka chaki chini, akaniita kwa kidole, tukaenda kwa miguu mpaka kijijini. Mkutanoni alisimama bila kupewa nafasi.

"Moshi ule ni wangu," akasema. "Huyu mama alikuja kwa wito wangu. Kosa la kutotoa taarifa ni langu, si lake."

Mwenyekiti hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye maagizo. Alimwuliza mkufunzi walikuwa wakifanya nini kule. "Tulikuwa tunajifunza kutisha watu," mkufunzi akajibu, na hakuna aliyecheka. Bibi aliachiwa aende. Kwenye kibanda chake alikaa mlangoni na kigae kitupu mapajani.

Mkufunzi alikiomba kile kigae. Tukavuka bonde sisi wawili, manyunyu yameanza. Nyumba ilikuwa imelala chini. Kuta zilisimama nusu, paa lote lilikuwa limeanguka ndani, na boriti moja kubwa ilikuwa imelala juu ya mafiga, inafuka moshi. Aliingia humo na viatu vyake vya darasani. Akachuchumaa, akachokora kwa kijiti muda mrefu, anakohoa, machozi yanamtoka, sijui kama ni ya moshi peke yake. Mwishowe akatoka na makaa mawili mekundu yaliyolazwa juu ya jivu. Akavua kofia yake akaifunika juu ya kigae mvua isiyapate, na kwa mara ya kwanza nikaona kichwa chake kina mvi.

Watoto wa shule walitoka kutuona tukipita. Mtu wa Tanga, kichwa wazi, amebeba moto kama anayebeba maji yaliyojaa pomoni.

Bibi hakuinuka. Aliyatazama makaa, akauliza kitu kimoja.

"Anauliza," nikamwambia mkufunzi, "huu ni moto wa mafiga au ni moto wa paa?"

Niliona amelielewa swali kabla sijalimaliza. Moto wa mafiga ni ule aliouwasha mwenyewe, mumewe akausikia. Moto wa paa ni wa mgambo. Na pale chini ya boriti ile moto ulikuwa mmoja. Mkufunzi, mtu wa 'Malaria si yako', alijipangusa tone la mvua puani. Kisha akanitazama mimi badala ya Bibi.

"Wa mafiga," akasema.

"Ni wa mafiga, Bibi," nikafasiri.

Bibi akakipokea kigae kwa mikono miwili, akaingia ndani. Jioni ile, chuoni, mkufunzi aliwasha sigara akasahau kuivuta. Kiberiti kikamuunguza kidole. Hakukipuliza.

Filamu ilikwenda Dar es Salaam kusafishwa, ikakaa huko mpaka tukaikatia tamaa. Iliporudi kiangazi kilikuwa kimeingia, vilima vinaungua, na kikohozi cha mkufunzi kilikuwa kimekuwa cha kudumu. Kazi ya kukata alinipa mimi, akasema mtu anayejua kushona anajua mahali pa kuficha uzi. Wembe, gundi, kioo cha kukuza, na vipande vya filamu vimetundikwa kwenye kamba kwa pini kama nguo za mtoto mchanga. Tuliunga mlango, kigae, mgongo wa Bibi. Tulifika kwenye kigoda kitupu, na mimi, kwa somo nililofundishwa, nikachukua uso wa msichana ili niuunge hapo.

"Acha," akasema. "Usirudi kwa msichana. Kaa hapo kwenye moto."

"Mkufunzi, na figa la tatu?"

"Halipo."

"Chungu kitaanguka."

"Kianguke," akasema, akatoka nje kukohoa. Nikauacha moto uwake mpaka filamu ilipokwisha yenyewe.

Tuliionyesha kijijini, giza lilipoingia tu, kwenye shuka la marekani alilotuazima mwenye duka mmoja wa Kasulu mjini. Sisi wanafunzi tulijipanga nyuma ya mabenchi ya shule, macho chini, tunangoja miguu ivutwe. Haikuvutwa. Msichana akapita na kigae chake, mlango ukaonekana, na mtu mmoja akasema kwa sauti ndogo, "Ni kule kwetu." Watu waliinua shingo, hawakumtazama msichana wala mzimu, walitazama pembeni, kwenye migomba, kwenye kichuguu, kwenye tuta lililopita nyuma. Wengine walisimama waone zaidi ya ukingo wa shuka, kana kwamba nyumba zao zilikuwa hapo nje kidogo ya picha. Kisha Bibi akatoweka, moto ukabaki unawaka.

Bibi mwenyewe alikuwa ameketi benchi la mwisho, mbele yangu, ubavuni mwa mkufunzi.

"Yule amekwenda wapi?" akaniuliza.

Mkufunzi alisema, "Mwambie ni ufundi. Tulisimamisha kamera, akatoka kwa mlango."

Nikamwambia. Bibi akatikisa kichwa, akionyesha shuka kwa kidole.

"Oya. Mimi nilitoka kwa mlango, najua. Yule hakutoka." Akatazama tena moto, mpaka shuka likawa jeupe. "Basi yule amebaki."

Nilifasiri neno kwa neno. Na katika mabenchi yote yale ya kijiji kile niliona miguu ya mtu mmoja tu ikivutwa chini ya benchi, nayo ilikuwa imevaa viatu vya darasani.

Hakupiga sinema nyingine. Kamera ilirudi stoo kwenye majembe. Haukupita muda akahamishiwa shule ya msingi Kibondo, wengine wakasema ni adhabu, wengine wakasema aliomba mwenyewe, na ukimuuliza anakuambia Kibondo kuna baridi nzuri. Siku ya kuondoka alipita kwanza kwenye kibanda cha mwisho wa mstari. Alipanda lori amepakata kopo la maziwa ya unga lililojaa jivu, na utingo alipomuuliza kuna nini humo alisema, "Mtoto. Amelala." Nimeambiwa njia nzima hakulala yeye.

Nami baada ya miaka michache nikapangiwa kufundisha kwetu Kibondo, muongo ule ukielekea ukingoni. Nilimkuta mchana wa Jumapili, ameketi nje ya jiko lake la nyasi, amekonda, shingo imekuwa ndefu ndani ya kola. Majirani walimwita Mzee Moto, na hawakuwa wakimdhihaki. Ndani ya jiko mafiga matatu yalikuwa yamekaa vizuri, na katikati yake kigogo kilikuwa kikiwaka taratibu.

Nilikuwa na habari ya kumpa na sikuipenda. Bibi alikuwa amefariki, na walimzika kijijini, si kwenye migomba. Alisikiliza. Nikangoja aniambie ningeanza na viatu mlangoni. Hakusema hivyo.

"Alipokufa moto ulikuwa unawaka?"

"Ulikuwa unawaka. Na majirani walishauchukua zamani, mstari mzima wanapikia huo."

Akaitikia kwa kichwa polepole. Akakohoa. Kisha akaniuliza lile ambalo nadhani alikuwa ameliweka kwa ajili yangu tangu siku ya manyunyu.

"Wewe ulikuwepo. Mimi nilikuwa nimeinama, moshi umenijaa machoni, nilichukua nilichokiona chekundu. Wewe ulisimama juu yangu. Sema kweli, mwalimu. Ulikuwa wa mafiga au wa paa?"

Nilikuwa nimeona. Niliiona boriti imelala juu ya mafiga, ncha yake ikiwa nyekundu, na chini yake jivu jeupe la nyasi za paa. Niliona kijiti chake kilipogusa. Nimekiona kila mara nilipowasha jiko langu mwenyewe. Nilimpenda mzee yule wakati ule kuliko nilivyowahi kumpenda, na nilimhurumia.

"Wa mafiga, Mkufunzi," nikasema.

Alinitazama kwa muda, kwa jicho lile la zamani la kukagua kazi, akitafuta mahali gundi ilipopita. Nikadhani atanitoa nje kama Kwinini. Badala yake akatabasamu.

"Kiungo kizuri," akasema. "Sijaona ulipokata."

Hapo mwanamke wa nyumba ya pili akapiga hodi uani, mtoto mgongoni, kigae mkononi. Aliomba moto, kwake umezimika. Mzee akainuka kwa kushikilia bega langu, akaingia jikoni, akachagua kaa lililoiva, akatandika jivu kwenye kigae na kulilaza juu yake.

"Chukua, mama," akamwambia. "Ni wa mafiga."